Maswali ya Wasomaji: Kombe la Kagame na Klabu za Kanda ya Ziwa

Tangu Singida Black Stars ilipoifunga Al Hilal ya Omdurman mabao 2-1 jijini Dar es Salaam, Septemba 2025, na kulitwaa Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, barua zinazoifikia safu hii kutoka Mwanza, Bukoba, Musoma na visiwani zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: ikiwa klabu ya Singida imeweza, klabu za Kanda ya Ziwa zinakwama wapi? Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika amegusa penyewe.

*Mhariri, salamu nyingi kutoka mwaloni. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kirumba na mpenzi wa Pamba kama alivyokuwa baba yangu. Naomba unieleze bila kunificha: Pamba Jiji ifanye nini hasa ili nayo icheze Kombe la Kagame? Ni lazima iwe bingwa wa Ligi Kuu? Kama ni lazima, basi tuambiane ukweli, maana Simba na Yanga hazitatuachia ubingwa leo wala kesho.*
— Mchuuzi, mwalo wa Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu, asante kwa salamu. Kwa asili yake, hili ni kombe la mabingwa. Kila chama kilicho ndani ya CECAFA, yaani baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, hupeleka klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi yake, na nchi mwenyeji huongezewa nafasi. Ukiishia kwenye kanuni hiyo, wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Lakini mambo ya miaka ya karibuni yamefungua njia nyingine, nayo ni nafasi ya nne kwenye msimamo wa Ligi Kuu.

Mwaka 2024 Simba, Yanga na Azam hazikushiriki mashindano yaliyofanyika Dar es Salaam, na miongoni mwa klabu zilizoiwakilisha Tanzania Bara ilikuwamo Coastal Union ya Tanga, ambayo msimu wa 2023/24 ilikuwa imemaliza ya nne. Mwaka uliofuata Singida Black Stars, nayo ikitoka katika nafasi ya nne ya msimu wa 2024/25, haikushiriki tu, bali iliondoka na kombe. Kwa hiyo Pamba Jiji haihitaji kuwavua Simba na Yanga taji ili ifike huko. Inahitaji kuwa bora kuliko klabu zote zinazobaki baada ya wakubwa wale watatu, na hilo, ingawa ni gumu, linawezekana kwa timu iliyopangwa vizuri.

Nasema linawezekana kwa sababu Kanda ya Ziwa imekwisha kulifanya mara mbili, tena kwa mfululizo. Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne msimu wa 2020/21, na Geita Gold ikamaliza ya nne msimu wa 2021/22. Wakati huo Tanzania ilikuwa na nafasi nne katika mashindano ya Afrika, mbili za Ligi ya Mabingwa na mbili za Kombe la Shirikisho, kwa kuwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, huzipa nafasi mbilimbili nchi 12 zenye pointi nyingi kutokana na mafanikio ya klabu zao. Nafasi mojawapo ya Shirikisho ni ya mshindi wa kombe la mtoano la nyumbani, lakini mshindi huyo akiwa tayari amefuzu kupitia ligi, nafasi yake hushuka kwa timu inayofuata kwenye msimamo. Ndivyo Musoma na Geita zilivyojikuta zinaitwa Afrika.

Sasa naomba unisome kwa utulivu, maana hapa ndipo ninapoumia. Biashara United iliitoa Dikhil ya Djibouti katika raundi ya kwanza, kisha ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 katika mkondo wa kwanza. Hayo ni matokeo ambayo klabu yoyote ya Afrika Mashariki ingejivunia. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Vibali na usafiri wa kwenda Libya vilikwama, timu haikufika, na ikaondolewa mashindanoni. Msimu huohuo, 2021/22, ikashuka daraja. Geita Gold ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan mapema kabisa, na ilipofika mwisho wa msimu wa 2023/24 nayo ikashuka.

Wapo wanaosema kwamba ni mkosi wa Kanda ya Ziwa. Mimi sikubaliani nao. Klabu ya mkoani huandaa bajeti yake kwa kuhesabu safari za basi, posho, kambi na usajili wa dirisha dogo. Ikipata nafasi ya Afrika, ghafla inatakiwa kununua tiketi za ndege za watu thelathini na zaidi, kwenda na kurudi, raundi baada ya raundi, na kwa miaka ile hatua za awali klabu ilijigharamia yenyewe. Fedha iliyotakiwa kulipa mishahara ya Februari inatumika Oktoba. Mchezaji asiyelipwa hachezi vizuri, na anayecheza vizuri anaondoka. Anguko la namna hiyo linaanzia kwenye daftari la mhasibu kabla halijaonekana uwanjani.

Ndiyo maana naliona Kombe la Kagame kuwa darasa linalozifaa klabu za kiwango hicho kuliko kurukia moja kwa moja michuano ya CAF. Mashindano yote hufanyika katika nchi moja, kwa muda wa wiki mbili hivi, na timu husafiri mara moja tu. Ndani ya wiki hizo inakutana na bingwa wa Rwanda, wa Uganda, wa Sudan, inajifunza kucheza mechi tatu ndani ya siku chache, na meneja wa timu anajifunza kushughulikia pasi za kusafiria na vibali vya wachezaji wa kigeni mapema. Uongozi wa Pamba Jiji ungeweka wazi mbele ya wanachama na wakazi wa jiji kwamba shabaha ni nafasi ya nne, na kwamba kuna akiba maalumu ya mashindano ya nje ambayo haitaguswa kwa jambo jingine, ningesema safari imeanza.

*Mheshimiwa Mhariri, wanafunzi wangu wamenishinda kwa hoja. Nimewaambia kwamba Kombe la Kagame ndilo Kombe la Chalenji lililobadilishwa jina, wao wakasema nimekosea. Nani yuko sahihi? Na pili, kwa nini Zanzibar hupeleka timu yake wakati sisi ni nchi moja?*
— Mwalimu wa sekondari, Nansio, Ukerewe

Mwalimu, wanafunzi wako wako sahihi, na naamini utafurahi kwamba umewafundisha kuuliza. Chalenji ni mashindano ya timu za taifa. Chimbuko lake ni Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa mechi kati ya Kenya na Uganda, likipewa jina la kampuni ya sabuni iliyolidhamini. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. CECAFA yenyewe ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka mmoja baadaye, 1974, ndipo mashindano ya klabu yalipoanza rasmi. Simba ikawa bingwa wa kwanza. Kwa miaka mingi yaliitwa tu Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati, na wazee wetu bado huliita hivyo. Jina la Kagame lilikuja mwaka 2002, Rais Paul Kagame wa Rwanda alipoanza kutoa fedha za zawadi.

Kuhusu Zanzibar, CECAFA ina wanachama 12: Burundi, Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania, Uganda na Zanzibar. Chama cha soka cha Zanzibar ni mwanachama kwa haki yake, kwa hiyo bingwa wa Visiwani huingia kama bingwa mwingine yeyote. Zanzibar imewahi hata kulitwaa Kombe la Chalenji lenyewe, mwaka 1995. Ni vizuri wanafunzi walijue hilo pia.

*Mhariri, hujambo? Natoka Kisumu lakini nafanya biashara ya samaki hapa Mwanza mwaka wa saba sasa. Wenzangu wa hapa kijiweni hunicheka kwamba Kenya haina historia katika kombe hili. Nisaidie niwajibu.*
— Mfanyabiashara, Igogo, Mwanza

Sijambo, ndugu. Wajibu kwa miaka. Kuanzia 1976 hadi 1985, kombe hili lilikwenda Kenya kila mwaka isipokuwa mwaka 1978, lilipochukuliwa na KCC ya Kampala. Luo Union ililitwaa mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Abaluhya ikafuata mwaka 1979. Gor Mahia ikachukua 1980 na 1981, kisha AFC Leopards miaka mitatu bila kupumzika, 1982 hadi 1984, na Gor Mahia ikarudi mwaka 1985. Kumbuka kwamba Abaluhya na AFC Leopards ni klabu ileile: serikali ya Kenya ilipozitaka klabu ziache majina ya makabila mwaka 1980, Abaluhya ikajiita AFC Leopards na Luo Union ikajiita Re-Union.

Wakiendelea kukucheka, waeleze kwamba Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kwa kuishinda Espérance ya Tunisia kwa faida ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi. Klabu zetu za Tanzania zimefika fainali za Afrika, Simba mwaka 1993 na 2025, Yanga mwaka 2023, lakini hakuna iliyorudi na kombe. Nami naandika hili nikiwa Mtanzania anayetamani sana siku hiyo ifike.

Hata hivyo, uwe tayari kwa swali watakalokurudishia. Mara ya mwisho klabu ya Kenya kulinyanyua Kombe la Kagame ilikuwa mwaka 2008, Tusker, klabu ambayo zamani iliitwa Kenya Breweries. Kwa idadi ya mataji, klabu inayoongoza ni Simba yenye sita: 1974, 1991, 1992, 1995, 1996 na 2002. Yanga ina matano, la kwanza likiwa lile la mwaka 1975 lililopatikana Zanzibar kwa kuifunga Simba 2-0. Sunday Manara na Gibson Sembuli ndio waliofunga, na hadi leo ukiitaja mechi hiyo mbele ya mzee wa Yanga, andaa kiti.

*Mhariri, mimi ni dereva wa basi. Nimeshabeba mashabiki hadi wamechoka, Mwanza–Dar, zaidi ya saa kumi na tano njiani. Kwa nini mashindano haya yakija Tanzania yanachezwa Dar es Salaam mara nyingi? Kirumba si uwanja?*
— Dereva, stendi ya Nyegezi

Kaka, Kirumba ni uwanja, tena mkubwa, na swali lako lilipaswa kuulizwa na viongozi kabla yako. Tazama ramani tu. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Kigali, Kisumu na Kampala zote ziko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, basi linalokwenda upande wa Geita, Bukoba na mipaka ya Rwanda na Uganda halisubiri tena foleni ya kivuko. Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati likichezwa Mwanza, shabiki wa APR ya Rwanda angepanda basi, shabiki wa KCCA ya Uganda vilevile, na shabiki wa Gor Mahia angepitia Sirari na kufika siku hiyohiyo. Sijui mji mwingine katika Tanzania ambao ungeweza kuwa na majukwaa yenye wageni wa nchi tatu kwa nauli ya basi.

Tatizo ni kwamba mashindano ya timu kumi na zaidi, yanayomalizika ndani ya wiki mbili, hayawezi kubebwa na uwanja mmoja. Yanahitaji angalau viwanja viwili vya mechi, vingine vya mazoezi, taa za kuaminika ili mechi zichezwe jioni, vyumba vya kubadilishia nguo vinavyofaa timu nne kwa siku, na mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni, kwa sababu huko ndiko fedha za wadhamini zinakotoka. Dar es Salaam ina Uwanja wa Benjamin Mkapa, wa Azam pale Chamazi na wa KMC, vyote ndani ya jiji moja. Mwanza tuna Kirumba, mali ya Chama cha Mapinduzi, na Nyamagana, mali ya jiji, wenye nyasi bandia na ulio katikati ya mji. Kwa maoni yangu viwanja hivi viwili vinatosha kuwa msingi, iwapo wenye viwanja wataketi meza moja na kukubaliana nani anagharamia taa, nani anagharamia eneo la kuchezea, na nani anapata nini siku ya mechi. Mazungumzo hayo yanahusu fedha za maji na umeme na ukarabati wa vyoo, na hayapendezi kwenye majukwaa ya siasa, lakini bila hayo utaendelea kuwabeba mashabiki hadi Dar.

*Mhariri, mwaka 2024 bingwa alikuwa Red Arrows wa Zambia. Zambia haiko CECAFA. Inakuwaje mgeni achukue kombe letu? Na bingwa hupata kiasi gani?*
— Mwanafunzi wa chuo, Malimbe, Mwanza

Waandaaji huruhusiwa kualika klabu za nje ya ukanda ili kuongeza ushindani na kujaza nafasi za waliojitoa. TP Mazembe ya Kongo ilialikwa Kigali mwaka 2019 na ikatolewa na Azam katika robo fainali. Nyasa Big Bullets ya Malawi ilifika fainali mwaka 2021, ikafungwa na Express ya Kampala 1-0. Red Arrows ndiyo iliyofanikiwa, kwa kuishinda APR ya Rwanda kwa mikwaju ya penalti. Sioni ubaya wa mwalikwa kushinda. Kinachonisikitisha ni mwanachama kujitoa, kwa sababu kila klabu kubwa inapoamua kwamba kambi ya ughaibuni ina faida kuliko kombe hili, thamani yake mbele ya mdhamini hushuka, na miaka mingine hayafanyiki kabisa, kama ilivyotokea 2016, 2017, 2020, 2022 na 2023.

Zawadi, kwa miaka mingi, zimekuwa dola 60,000 za Marekani kwa jumla: 30,000 kwa bingwa, 20,000 kwa wa pili na 10,000 kwa wa tatu.

*Mwanangu Mhariri, wajukuu zangu hawaamini kwamba Pamba ya zamani iliwahi kufunga mabao 12 katika mechi ya Afrika. Wanasema babu unatunga. Niandikie hapa, wasome wenyewe.*
— Mzee mstaafu, Bwiru, Mwanza

Shikamoo, mzee. Hujatunga. Mwaka 1990, katika Kombe la Washindi barani Afrika, Pamba iliifunga Anse Boileau ya Ushelisheli 12-1. Mwaka huohuo wa 1990 Pamba ikawa bingwa hapa nchini, klabu iliyolelewa na zao lenyewe la pamba, wakati pamba ya Usukuma ilipokuwa inalisha viwanda na shule, na mashabiki wake wakiiita Tout Puissant Lindanda.

Wajukuu wako wana sababu ya kutokuamini, kwa kuwa walizaliwa Pamba ikiwa haipo kwenye Ligi Kuu. Ilishuka mwaka 2001, na ilichukua miaka 23 kurudi, ilipopanda mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji ikiwa chini ya halmashauri ya jiji. Katika miaka hiyo Mwanza iliwaona Toto African wakipanda na kushuka, ikawaona Mbao wakifika fainali ya kombe la mtoano mwaka 2017 na kufungwa na Simba 2-1 Dodoma, kisha Mbao na Alliance wakashuka pamoja mwaka 2020. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini hapa mjini amezoea timu ya nyumbani inayopita.

Wachukue, mzee, uwapeleke Kirumba Pamba Jiji inapokuwa nyumbani. Kaa nao upande wanaokaa wazee wenzako wa Lindanda, uwaache wao wenyewe wawahoji kuhusu mechi ya Anse Boileau. Na kama yuko kati yenu mwenye picha au tiketi ya siku ile, naomba ailete ofisini kwetu tuinakili, kisha tumrudishie mkononi mwake.